Punda wa Mefiboshethi

(Mazungumzo ya redio. Somo: 2 Samweli 9, 16:1–4, 19:24–30)

Wewe uliye jikoni ukichochea moto, wewe uliye dukani Kitengela ukingoja wateja, na wewe uliyetoka na ng'ombe alfajiri huko pande za Mashuuru na redio yako ndogo ikining'inia begani, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache. Na wewe ambaye husikilizi kwa sababu unapenda redio, ila kwa kuwa hii ndiyo ibada pekee inayokufikia tangu miguu ilipokataa, mazungumzo ya leo ni yako zaidi.

Nataka tumtazame mtu ambaye wahubiri wengi humsimulia nusu. Jina lake ni Mefiboshethi.

Nusu ya kwanza ya habari zake twaijua vizuri. Alikuwa mwana wa Yonathani, mjukuu wa mfalme Sauli. Alipokuwa na umri wa miaka 5, habari zilifika kwamba baba yake na babu yake wameuawa vitani. Yaya wake akamtwaa, akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Yaya yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa akimwokoa. Miaka ikapita. Daudi akatawala, akalikumbuka agano lake na Yonathani, akauliza kama amesalia mtu wa nyumba ile. Akaambiwa yuko mmoja huko Lo-debari, katika nyumba ya Makiri, naye ni kiwete. Sasa angalieni: mfalme hakusema, "Mwambieni aje." Alituma watu wakamlete. Usafiri ulikuwa juu ya mfalme. Mefiboshethi akaja, akarudishiwa mashamba ya babu yake, akala mezani pa Daudi kama mmoja wa wana wa mfalme. Hapo mahubiri hukoma, tukaimba, tukaenda zetu nyumbani.

Walakini Biblia haikukoma hapo. Fungueni mlango wa 16. Absalomu amemwasi baba yake, na Daudi anakimbia kutoka Yerusalemu, akiupanda mlima wa Mizeituni bila viatu, analia. Alipokipita kilele kidogo, akakutana na Siba, mtumishi wa Mefiboshethi. Siba ana punda wawili waliotandikwa. Amewapakia mikate 200, vishada 100 vya zabibu kavu, matunda 100 na kiriba cha divai. Mfalme akamwuliza, bwana wako yuko wapi? Siba akajibu kwamba amebaki mjini, anatumaini sasa atarudishiwa ufalme wa babu yake. Daudi alikuwa amechoka, na moyo wake umevunjwa na mwanawe mwenyewe. Akakata shauri pale pale njiani: mali yote ya Mefiboshethi iwe ya Siba. Hakutuma mtu kuuliza.

Vita vikaisha, mfalme akarudi. Mefiboshethi akashuka kumlaki, miguu yake haikutunzwa, ndevu zake hazikukatwa, nguo zake hazikufuliwa tangu siku ile mfalme alipoondoka. Daudi akamwuliza, mbona hukwenda pamoja nami? Naye akamweleza: nilikusudia nitandikiwe punda nimpande niende na mfalme, kwa maana mimi ni kiwete, mtumishi wangu akanidanganya.

Basi hesabu vizuri, ndugu msikilizaji. Watu wenye miguu mizima walimfuata Daudi kwa miguu, mamia yao. Kwa Mefiboshethi punda hakuwa anasa. Punda alikuwa ndiye miguu yake. Siba hakumpiga bwana wake, wala hakumfunga kamba. Alichukua punda tu. Kwa kuwa punda hayupo, mtu hakuonekana. Kwa kuwa hakuonekana, ikasemwa kwamba hakutaka. Na kwa kuwa ilisemwa hakutaka, shamba lake likaenda.

Wenyeji wa Mashuuru hawana haja ya kufafanuliwa mambo ya punda. Katika nchi ile ya vumbi na makorongo, punda ndiye huleta maji, na zamani boma lilipohamia malisho mapya, punda walibeba vyombo, na watoto wachanga, na mgonjwa asiyeweza kutembea. Aliyeshindwa kutembea hakuachwa chini ya mti. Tena tunaikumbuka miaka ile ya machinjio ya punda, tangu 2016 hata Serikali ilipoyapiga marufuku mwaka 2020, jinsi watu wa sehemu nyingi za nchi walivyoamka asubuhi wakakuta kamba tupu. Yeyote aliyeamka hivyo anajua kwamba aliyekuchukulia punda amekuchukulia zaidi ya mnyama.

Sasa tuje kwetu.

Tuseme yuko mama mmoja, nyumba yake iko mbali kidogo na barabara. Ugonjwa wa sukari umemwondolea mguu mmoja. Zamani alikuwa akiongoza nyimbo katika kikundi cha akina mama. Jumapili anataka kuja ibadani. Anapandishwa pikipiki, anaketi katikati, mjukuu nyuma anamshikilia, na kile kiti chake cha magurudumu kinabaki nyumbani kwa maana hakuna pa kukifunga. Anafika. Mbele ya mlango wa kanisa pana ngazi tatu. Wanakuja vijana wawili wema, mmoja anashika kwapa hili, mwingine lile, wanamwinua juu, nguo inapanda, na walioketi ndani wanageuza vichwa. Katika vijana hao wawili, mmoja ni rika la mkwewe. Ninyi mnaoishi na Wamaasai mnajua maana ya enkanyit, ile heshima kati ya mkubwa na mdogo, kati ya mama na wakwe zake. Mama yule hakukasirika. Alisema asante, wanangu. Jumapili ya pili alisema asante tena. Jumapili ya nne alisema ana homa. Baada ya hapo hakusema kitu.

Na katika kikao cha wazee, jina lake linapofikiwa, mzee mmoja anafunga daftari na kusema, "Huyu mama amepoa siku hizi."

Hiyo ndiyo hukumu ya Daudi kule mlimani, ndugu zangu. Hakuna aliyetumwa kuuliza punda amekwenda wapi.

Wengine watasema, watu hao si wengi. Katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa Wakenya 916,692 wenye ulemavu, kati ya watu wa umri wa miaka 5 na zaidi, na shida ya kutembea ndiyo iliyoongoza. Na hao ni waliohesabiwa tu. Ongeza mama mjamzito wa miezi minane, ongeza mzee mwenye magoti mabovu, ongeza yule kijana aliyeanguka na bodaboda katika barabara ya Namanga, ambaye mwaka jana alikuwa akiruka ngazi mbili mbili. Polio iliyowalemaza watoto wengi wa rika la wazazi wetu tumeipunguza kwa chanjo, Mungu ashukuriwe, lakini barabara, kiharusi na sukari vimeshika nafasi yake. Nabii Yeremia, katika mlango wa 31, anapoonyeshwa Bwana akiwarudisha watu wake kutoka uhamishoni, anawataja katika msafara ule kipofu na kiwete, mwenye mimba na yeye aliye katika utungu, wote pamoja, na njia ni nyofu wasijikwae. Msafara wa namna hiyo hauwezi kwenda mbio. Mwendo wake unapangwa na aliye dhaifu.

Linganisheni na kituo cha matatu cha Kitengela saa kumi na mbili asubuhi. Gari la watu 14 limesimama, injini inanguruma, kidato chake kiko juu, mlango ni mwembamba, na utingo anapiga bodi kwa kiganja. Mtu mwenye kiti cha magurudumu amefika tangu saa kumi na moja. Gari la kwanza limempita, la pili limempita. La tatu linakubali, ila kiti kitalipiwa kama gunia la viazi. Asiyeona amesimama kando ya mtaro ulio wazi, katikati ya bidhaa zilizotandazwa njiani, anauliza hili ni la Isinya au la Nairobi, na kila mmoja ana haraka. Simlaumu utingo peke yake, maana naye ana tajiri anayengoja hesabu jioni. Lakini tusiseme kwamba jambo hili haliwezekani.

Kwa nini nasema hivyo? Mwaka 2003 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 22 kiliwaagiza wenye majengo ya umma kuyarekebisha katika miaka 5, na kifungu cha 23 kiliwaagiza wenye magari ya abiria kuyarekebisha katika miaka 2. Lakini vifungu hivyo viwili viliwekwa kando, havikuanza kutumika mpaka tarehe 1 Januari 2010. Basi muda wa magari ukaisha mwishoni mwa 2011, na wa majengo mwishoni mwa 2014. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 54, ikampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote na kutumia vyombo vya usafiri wa umma. Mwaka 2025 ikatiwa sahihi sheria mpya iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Na kidato cha matatu kiko pale pale kilipokuwa.

Sasa kumbukeni jambo jingine la siku zile zile. Marehemu John Michuki, alipokuwa Waziri wa Uchukuzi, aliamuru mikanda katika kila kiti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano ubavuni. Tarehe 1 Februari 2004 ilipofika, magari yasiyotimiza yalibaki yameegeshwa, na watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Mafundi wakashona mikanda usiku kucha. Kwa hiyo matatu za Kenya zaweza kubadilishwa, na zilibadilishwa kwa muda mfupi, mara tu Serikali ilipotaka kweli na abiria wakakubali kuchelewa. Majirani zetu wa Dar es Salaam walipoanza mabasi yao ya mwendokasi mwaka 2016, vituo vilijengwa juu hata vikalingana na sakafu ya basi, mtu akaingia na magurudumu yake bila kuinuliwa. Msongamano uko, nasikia wakiulalamikia, lakini ngazi haipo.

Tena kuna jambo ambalo mtu angeweza kulicheka kama lisingekuwa la kusikitisha. Ili mtu apate kadi ya kutambuliwa kuwa ana ulemavu, sharti kwanza achunguzwe na madaktari katika hospitali iliyoidhinishwa. Kwa mtu wa vijijini Mashuuru, hiyo ni safari. Aliyeshindwa kusafiri yampasa asafiri, ili iandikwe kwamba safari zinamshinda.

Mtaniuliza, sisi wakristo wa kawaida, tusio na matatu wala kiti Bungeni, tufanye nini? Magari yatangoja Serikali na wenye magari, ingawa yafaa tuwasumbue. Lakini mlango wa kanisa haumngoji waziri. Ule ni wetu.

Nyumba ya Kimaasai ya asili, enkaji, haina ngazi. Mlango wake ni wa chini na kila aingiaye huinama, mwenye nguvu na asiye na nguvu. Mtaalamu mmoja wa Norway, Aud Talle, aliyekaa na Wamaasai wa Kajiado, aliandika mwaka 1995 juu ya watoto wenye ulemavu katika jamii ile, na kichwa cha maandishi yake kilikuwa ni kwamba mtoto ni mtoto. Alimkuta mtoto wa namna hiyo akilelewa bomani pamoja na ndugu zake. Kisha tukaja na saruji. Ngazi tumezijenga sisi, kwa michango yetu, na tukaita maendeleo. Sisemi saruji ni dhambi. Nasema tu kwamba aliyeifikisha ngazi mlangoni hakuwa babu yetu.

Tena kanisa halina udhuru wa kusema jambo hili ni geni kwake. Hapo Kajiado mjini kanisa la AIC limekuwa na kituo cha watoto wenye ulemavu tangu zamani. Thika, Jeshi la Wokovu lilianza shule ya wasioona mwaka 1946. Wazee wetu katika imani walijua kujenga kwa ajili ya hawa. Shida ni kwamba tuliwajengea mahali pao, kisha tukajenga mahali petu kama kwamba hawatatoka kule kamwe. Wametoka, wamesoma, wameoa na kuolewa, na Jumapili wako mlangoni.

Basi sikilizeni, kamati ya ujenzi, chukueni kalamu. Kipimo ambacho mafundi wa nchi nyingi wanakifuata ni hiki: kwa kila sentimita 1 ya kwenda juu, mteremko uende sentimita 12 mbele. Ngazi mbili za sentimita 15 ni sentimita 30, kwa hiyo mteremko wenu utakuwa na urefu wa mita 3 na sentimita 60. Fundi akikuambia mita moja na nusu inatosha, mwambie akae kitini mwenyewe asukumwe, ataongeza. Sakafu yake iwe ya kukwaruza, isisuguliwe hata kung'aa, maana wakati wa mvua itakuwa mtelezo. Wekeni vyuma vya kushikilia pande zote mbili, kimo cha sentimita 90 hivi. Mlango nao uwe na nafasi ya sentimita 90. Na choo, ndugu zangu! Mara nyingi kanisa huweka mteremko mzuri mbele, halafu choo kiko nyuma juu ya kichuguu, mlango wa kupita kwa ubavu. Mtu hatakuja kwenye ibada ya saa tatu na harambee baada yake ikiwa tangu asubuhi ameogopa kunywa maji.

Ndani ondoeni benchi moja, si la mwisho kabisa karibu na mlango, la katikati, ili mwenye kiti cha magurudumu akae na jamaa yake. Kwenye Meza ya Bwana, kama madhabahu iko juu ya vidato, mchungaji ashuke. Bwana wetu alishuka zaidi ya vidato vitatu.

Gharama? Mchanga tunao makorongoni, nguvu za vijana tunazo, inabaki saruji na fundi. Nimeona makanisa yakichanga kwa ajili ya vigae vya kung'aa na viti vya kifalme vya wageni wa heshima, na hakuna aliyeuliza bei mara mbili. Na kabla ya kuchanga, jambo la kwanza halina gharama: nendeni mkamwulize mwenyewe. Msikae wazee saba wenye miguu kumi na minne mkampangia. Mwulizeni, mama, unataka mlango uwe upande gani? Gari ya kukuleta ikiwa ya probox ya ndugu fulani, ikufikie saa ngapi? Mbao za kuanzia zaweza kuwekwa Jumapili ijayo wakati saruji inatafutwa.

Narudi kwa Mefiboshethi kidogo, kuna neno nililoliacha. Daudi alipokwisha kumsikia, alitoa hukumu ya nusu: wewe na Siba mgawane shamba. Wafafanuzi wamebishana sana juu ya haki ile, nami naona mfalme hakupenda kukiri waziwazi kwamba alihukumu bila kuuliza. Lakini sikia jibu la yule mwenye ulemavu. Alisema Siba na achukue lote, maadamu mfalme amerudi kwake kwa amani. Hakutaka shamba. Alitaka kuwa pamoja na mfalme, na hicho ndicho alichonyimwa siku ile punda alipochukuliwa. Sisi tunampelekea yule mama unga wa kilo mbili na sukari kila mwezi, na ni vema, tusiache. Ila hakuomba unga. Aliuliza kama Jumapili kuna gari.

Biblia yetu inasema kiwete, siku hizi twasema mtu mwenye ulemavu, na ni vizuri kubadili lugha iwe ya heshima. Neno jipya bado halijampandisha mtu ngazi hata moja.

Na tuombe. Baba yetu wa mbinguni, unawajua kwa majina wote walio ndani ya nyumba zao saa hii Mashuuru, Isinya na Kitengela, ambao wangekuwa njiani kama kungekuwa na njia. Mkumbuke yule anayengoja gari la nne. Mlegeze moyo utingo wa gari la asubuhi, umpe na tajiri wake subira ya dakika mbili. Wape kamati za ujenzi zitakazokutana Jumamosi hii masikio ya kusikia, na futi kamba mkononi. Na yule mama aliyeacha kuja, mtumie mtu kabla ya jua kutua, amwulize. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.